Mwanamke Asiyekuwemo Kitabuni

Ndugu yangu Masima,

Sijui salamu hizi zitakufikia kwa njia gani, maana kazi ya kufikisha maneno yangu kwa watu ilikuwa yako. Nimeketi Bahi, kwenye baraza ya duka la Mhindi, na kalamu inakwaruza kwa sababu wino wenyewe nimeuzimua kwa maji. Nyumbani Mpwapwa hawajambo. Baba anakohoa kama kawaida yake, na anakulaumu kwa kutangulia. Anasema zamu ilikuwa yake, wewe umeingilia. Mama anapika chungu kilekile, chakula kinabaki.

Nina swali nataka kukuuliza, na nimelibeba tangu Buigiri. Lakini acha nianze mwanzo, wewe ndiye uliyekuwa ukinikataza kudandia hadithi katikati.

Mwaka huu sikuwa na nia ya kusafiri. Baada ya hitima yako nilikifunga katika kaniki kile kitabu nilichokitunga, nikakisukumia darini. Kisafiri cha nini? Miaka yote tulikitembeza mimi na wewe, kila baada ya mavuno, kijiji kwa kijiji, kwa sababu watu wa nchi hii hawasomi na kitabu hakina miguu. Mimi nasoma Kiswahili, wewe unawageuzia kwa Kigogo. Mimi Kigogo changu ni cha kununulia kuku. Unajua nilipelekwa Bagamoyo kwa ami yangu ningali mdogo, mara baada ya tohara yetu, nikarudi nina ndevu na mwandiko mzuri, na lugha ya nchi imekwisha kuniponyoka. Bila wewe ningemsomea nani? Mama ndiye aliyekishusha kitabu. Akasema watu wamekwisha kuvuna na mliwaahidi mtarudi, na ahadi ya marehemu haizikwi naye.

Basi nikatafuta mfasiri mwingine. Anaitwa Yohana, Mgogo wa misheni, mtu mzima mwenye mke na watoto, mwembamba, hacheki. Nikisema kidogo, naye anasema kidogo. Nikinyamaza, ananyamaza. Usicheke, mwanzoni nilifurahi. Wewe nilikuwa nikikusomea ukurasa, kisha unaanza kusema, unasema, watu wanapiga makofi, wanawake wanafuta machozi, na mimi nimesimama na kidole juu ya mstari kama mtoto wa chuoni aliyesahau aya. Nilipokuuliza mbona maneno yako ni mengi kuliko yangu, ulinijibu bila hata kupepesa, "Kigogo ni lugha ndefu, bwana." Nami nikaamini, mjinga wa watu.

Buigiri walitupokea vizuri. Nikasoma hadithi yote: Sudi mfanyabiashara anapotea nyikani na msafara wake, binti wa mtemi anamwokoa, wanapendana, mtemi anakataa, Sudi anaondoka peke yake. Yohana akafasiri. Nikafunga kitabu, nikangoja zile shangwe nilizozoea. Watu wamenikodolea macho. Mwenye mji, yule mzee mwenye bangili za shaba, akamuuliza Yohana jambo, na Yohana akanigeukia. "Anauliza, na yule mwanamke aliyemwacha mtoto kambini?"

Mwanamke gani? Nikasema hayumo. Nikafungua kitabu nikawaonyesha, kana kwamba wangesoma. Wakatazamana, wakainuka wakaenda zao.

Asubuhi wakachinja mbuzi. Nilishangaa, maana jana yake tulikula ugali wa uwele na mlenda, nasi tukashukuru. Yohana ndiye aliyenieleza. Kwao mgeni akibana maneno, ujue hakuridhika na alichopewa. Walikaa wakashauriana, wakaona aibu ni yao: wamenilisha mlenda, ndiyo maana nimemficha mwanamke. Sasa nile nyama, nimtoe. Masima, nilikula ile nyama kwa shida. Watu wamekaa wanatazama mdomo wangu. Nilipomaliza nikawasomea tena palepale penye kambi ya Sudi, polepole, na mwanamke hakutokea. Bibi mmoja akaondoka ananung'unika, na Yohana akakataa kunifasiria alichosema.

Njia nzima hadi Dodoma nilikuwa nawaza huyo mwanamke. Nilidhani wamechanganya na hadithi ya mtu mwingine. Dodoma nikafikia kwa watu wetu wa mjini, wale wauza nguo, nikasoma baada ya alasiri. Akida naye akaja kusikiliza kama kitabu kinaisema vibaya serikali ya Wadachi. Akasikiliza kidogo, akasinzia, akaondoka ameridhika. Nikawauliza wenyeji, je, mnamkumbuka mwanamke aliyemwacha mtoto kambini? Hakuna aliyemjua. Wakaniambia, Bwana Hemedi, kitabu ni chako, unatuuliza sisi? Hapo ndipo akili ikaanza kunifunguka. Dodoma mjini wanajua Kiswahili, hapo nilikuwa nikisoma mwenyewe, wewe unakwenda kulala. Mwanamke yupo kule tu ulikosimama wewe.

Sikuweza kungoja. Asubuhi nikaenda Miyuji, kwa yule mfugaji ambaye mke wake alikuwa akikupa maziwa mgando hata kabla hujakaa. Sikufungua kitabu. Nikamwambia Yohana amwombe mama huyo anisimulie hadithi yangu, mimi mwenyewe nisikilize. Mama akacheka, kisha akaona sicheki.

Akasimulia. Sudi yumo, binti wa mtemi yumo, lakini wamekaa pembeni. Katikati kuna njaa. Mwanamke anakuja kambini kwa Sudi na mtoto wa kiume, mbavu zinahesabika. Anawapa watu wa msafara yule mtoto, wanampa mtama. Kabla ya kuondoka anamwinamia, anamwambia, ningoje hapa, nakwenda kutafuta chumvi. Mkono wake wa kushoto una vidole viwili vilivyoungana, moto ulimbabua utotoni. Mtoto anangoja. Msafara unaondoka naye, na shingo yake imegeukia nyuma mpaka inamuuma. Mama wa Miyuji akasema kila mwaka ulikuwa ukiongeza kitu: mwaka mmoja vidole, mwaka mwingine wimbo aliokuwa akiimba akitwanga. Na kila ulipomaliza ulikuwa ukiwaambia, aliyemwona mama huyu asinifiche, tutarudi baada ya mavuno.

Sasa nikuambie ukweli, kwanza nilikasirika. Zile shangwe zote nilizozipeleka nyumbani na kumsimulia Baba! Nilidhani watu wa Ugogo wote wanampenda Sudi wangu. Kumbe kitabu changu ulikifanya mbiu ya kumtafutia mtu, na mimi mpiga mbiu sijui kilichotangazwa.

Kisha hasira ikanitoka, nikabaki na maswali. Nyumbani tulijua Baba alikupokea mwaka wa njaa kutoka kwa watu wa msafara, basi. Ukiulizwa zaidi unasema, "Sikumbuki kitu." Tumelala mkeka mmoja, tumetahiriwa pamoja, tumepigana kwa sababu ya kanzu, na hukuniambia kwamba unakumbuka vidole. Kwa nini uliwaambia watu wa Buigiri na Miyuji, mimi ukanificha? Ulimwogopea Mama, asije akadhani malezi yake hayakutosha? Au uliniogopa mimi, kwamba nitaiandika? Pengine hapo ulikuwa na haki. Nilimuuliza Yohana anaonaje. Akasema hilo si swali la kufasiri.

Nikapanda gari moshi hadi Bahi. Mvua zilikuwa nzuri huku, maji yamesambaa, watu wanavua kambare hata kwenye malisho, na nguo zangu zote zinanuka samaki. Wakakusanyika uani kwenye tembe ya yule jamaa yako mpiga zeze. Walikuulizia wewe kwanza. Nikawaambia hukuja. Sikuwaambia zaidi.

Nikaanza kusoma, na tulipofika kambini kwa Sudi nikafunga kitabu. Nikamwambia Yohana akae chini. Sijui ni nini kilichonipa ujasiri ule. Nikawasimulia mwenyewe, kwa Kigogo changu cha sokoni, njaa, mwanamke, mtoto. Watoto walikufa kwa kicheko. Watu wazima waliwanyamazisha. Nilipofika pale mama anapomwinamia mwanawe nikasema kama ulivyosema wewe, ningoje hapa, nakwenda kutafuta chumvi.

Sauti ikatoka nyuma, kwa wanawake. "Si chumvi. Nilimwambia nakwenda kuteka maji. Nani kakudanganya chumvi?"

Watu wakapisha. Ni mwanamke mrefu, Masima, hajazeeka kama nilivyomfikiria. Wewe ulipata urefu wake na ile namna ya kutembea kama mtu anayeelekea kugomba. Anakaa mbali, upande wa kusini mwa bwawa. Wachungaji walimpelekea habari kwamba kuna mtu anayezunguka na mambo yake, akaja mara mavuno yalipoanza, akakaa kwa watu kungoja. Akafika mbele yangu, akanishika kichwa kwa mikono miwili, akanigeuzia uso juani. Vidole viwili vya kushoto vimeungana. Akaniambia, "Hata lugha wamekupotezea, mwanangu."

Nilikaa kimya. Si kwa muda mrefu, lakini nilikaa kimya, kwa sababu mikono ile ilikuwa na joto, na nilijua nikifungua mdomo ataiondoa. Yohana aliinuka kunisaidia, nikamzuia. Neno la kufa nalijua kwa Kigogo. Mgeni hujifunza hilo mapema. Nikamwambia, mimi siye. Mwanao alikuwa ndugu yangu. Homa ilimchukua mvua zilipokuwa zikiisha, tukamzika Mpwapwa.

Akaniachia. Akakaa chini, palepale kwenye vumbi. Wanawake walianza kulia, akawanyamazisha kwa mkono. Mimi nimesimama sijui niende wapi. Kisha akainua uso akaniuliza swali moja, na sikuhitaji mfasiri.

"Alikuwa akishiba?"

Masima, nililia mbele za watu. Nikakaa naye chini, nikamwambia. Nikamwambia ulivyokuwa ukigombea ukoko wa wali. Nikamwambia kwamba Mama alikuwa akizificha tende za Ramadhani, nawe ukizipata, na kwamba kwenye arusi walikuwa wakikukalisha mbali na sinia la pilau ili wengine nao waonje. Nikamwonyesha kwa mikono kitambi ulichoanza kuota. Akauliza, na nyama? Nikasema nyama pia. Na maziwa? Asubuhi na jioni. Alitaka kila chakula kwa jina lake, nani aliyekipika, ulikula kiasi gani, ulisema nini baada ya kula. Yohana alikaa kando yetu, na pale Kigogo changu kiliponiishia akawa ananisogezea neno polepole. Vyakula ulivyokula kweli viliponiishia, yeye alikuwa bado anauliza. Nikatunga. Nilikulisha bata, ndugu yangu, nilikulisha kondoo mzima na asali ya Tabora, nami sijapata kutunga vizuri kuliko siku ile. Alisikiliza mpaka jua likawa jekundu, akatikisa kichwa, akasema, "Basi."

Swali lako wewe tangu mwanzo lilikuwa jingine, au siyo? Wewe ulitaka kujua kama alirudi, na chumvi au na maji. Nimemuuliza. Hataki kuniambia mimi. Anasema atakuambia mwenyewe.

Kwa hiyo nimeahidi. Yupo hapa barazani, pembeni yangu, hajapata kupanda gari moshi na ameamka tangu alfajiri kulisubiri. Anaitazama kalamu inavyokwenda. Nitamfikisha Mpwapwa. Sijui Mama atampokeaje, wala sijui nitasimama wapi wao wawili watakapokutana, lakini nitamfikisha, na nitampeleka kaburini kwako, nami nitakaa mbali, nisisikie neno.

Filimbi imelia upande wa Kilimatinde. Ameinuka, amenishika mkono, ananivuta.

Lala pema, Masima. Mama yako anakuja.

Ndugu yako,
Hemedi