Baba, Shamba Halijarogwa

Zuzu, Dodoma

Kwa Baba yangu mpendwa,

Shikamoo, Baba. Shikamoo na Mama pia, maana najua amekaa hapo pembeni yako anajifanya anachambua mchele huku sikio liko kwenye barua. Mimi ni mzima, na safari hii sisemi hivyo kwa kujaza karatasi kama nilivyozoea. Ni mzima kweli. Kifua kimefunguka, nalala chali mpaka asubuhi. Ninyi je? Magoti ya Mama yanaendeleaje na hiyo baridi ya Newala? Na wewe, kifua? Hicho kifua chako ndicho kilichonishikisha kalamu, kwa hiyo vaa miwani, usinisome juujuu.

Mama alinipigia akaniambia umepata mtu wa kununua shamba la mikorosho, na kwamba mnamsubiri tu mwenyekiti wa kijiji arudi safari ndipo muandikishane. Baba, nakuomba, usiweke sahihi kabla hujafika mwisho wa barua hii. Ningekupigia simu, lakini simu yako unaiweka sauti ya juu hapo barazani, na haya si ya kusikilizwa na nyumba saba. Tena kwenye simu ungenikatisha, ungesema mtoto wa kike akikaa mbali anaota pembe.

Basi neno lenyewe nalitanguliza. Nadhani nimekijua kinachokubana kifua kila ukiingia shambani, na si Baba mdogo Issa. Hakuna mtu aliyezika kitu kwenye mpaka. Nimejuaje mimi niliye huku kwenye zabibu za Wagogo? Nimejua kwa kuugua mwenyewe, Baba. Nilikuficheni, na sasa nasema yote.

Unajua nafanya kazi kwa Mama Ndahani, huyu mama mwenye shamba la zabibu, na chumba nimepanga kwake hukohuko. Kazi hii naipenda kuliko zote nilizowahi kufanya. Kupogoa mzabibu si kukata ovyo, ni kuusoma mti na kujua jicho lipi la tawi litazaa na lipi litakula chakula cha bure. Msimu uliopita Mama Ndahani alinipa mkasi mpya akaniambia kwamba mzee Chilongani, msimamizi wetu, anachoka, na kwamba ananitazamia mimi niwafundishe wageni. Nilirudi chumbani nikaruka peke yangu kama mwehu. Lakini wakati huohuo nilikuwa nakohoa.

Kilianza kama mafua. Macho yananiwasha, napiga chafya mfululizo, halafu kifua kinajifinya na kutoa mluzi kama birika linalotaka kuchemka. Hapa kila mtu alisema ni salfa, ile ya manjano tunayopuliza kuzuia ubwiri, ule unga mweupe unaoshika majani. Na mimi nilikubali haraka, kwa sababu nimezaliwa kwenye mikorosho. Kwetu mtu akikohoa wakati wa maua, tunasema hiyo salfa hiyo, na mazungumzo yanaishia hapo. Kwa hiyo siku ya salfa nilivaa barakoa nene mpaka alama zikabaki mashavuni. Siku ya kung'oa majani yaliyougua, yale yenye unga mweupe, barakoa niliitundika kwenye msumari isichakae, nikajifunga mtandio puani. Na mtandio huohuo nilifutia vichala, nikafutia jasho, jioni nikaukung'uta mlangoni, na nikilala nauviringisha kuwa mto. Akili ya mwanao hiyo.

Asubuhi moja nikakuta mzee Chilongani amekiweka kikombe changu peke yake juu ya jiwe. Hakusema kwa ubaya. Alisema kwao wamezika watu wawili kwa kifua kikuu na hataki kumzika wa tatu. Mama Ndahani naye akaniita pembeni, akaniambia niende nikapimwe. Ikiwa ni kifua kikuu, nitatibiwa na nafasi yangu itanisubiri. Lakini kama ni shamba lenyewe linanikataa, basi hataniweka mahali patakaponiua, hata kama anaupenda mkono wangu. Baba, nililia siku hiyo. Niliona narudi nyumbani mikono mitupu, tena mgonjwa.

Nikatoa makohozi, nikapigwa picha ya kifua. Hakuna kifua kikuu. Nilishangilia mpaka getini, na getini hapo nikaanza kukohoa tena.

Kilichonifungua macho kwanza ni mtama. Mama Ndahani ana ndugu zake Haneti, tukaenda kuwasaidia kupura. Vumbi la kupura mtama unalijua, pua inakuwa nyeusi na nywele zinakuwa za bibi kizee. Nikajiandaa kufa. Siku ya kwanza nikasubiri kifua kibane, wapi. Ya pili, wapi. Nilikaa siku tisa kwenye vumbi lile nikiimba na wenzangu, nalala vizuri, nakula ugali wa mtama na mlenda mpaka wakanitania kwamba nimeshakuwa Mgogo. Tukarudi Zuzu. Kesho yake nikaingia kung'oa majani yenye unga, na kabla ya saa nne nilikuwa nimeinama natafuta pumzi. Nikajiambia, hapa pana jambo, si vumbi tu.

Nikarudi hospitali. Safari hii nilimkuta daktari mmoja dada, mdogo kwangu kwa umri, mpole lakini anauliza kama askari. Hakuniandikia dawa mbio. Aliniambia ninunue daftari, na kila siku niandike mambo mawili: leo nimefanya kazi gani, na kifua kimekuwaje. Nilifanya hivyo majuma mawili. Nilipomrudishia, alisoma akitembeza kidole, kisha akacheka kidogo. Siku za salfa nilikuwa na nafuu. Siku za kupogoa matawi makavu nilikuwa mzima kabisa. Siku za majani yenye unga, kila moja bila kuruka, nilikuwa nimeandika nimebanwa.

Akaniuliza siku za majani najifunga nini puani. Nikautoa mtandio kwenye mkoba, tena kwa fahari, nimtandazie mezani aone ninavyojikinga. Baba, ulikuwa na ukungu mweupe kwenye kila mkunjo. Nilipiga chafya saba mbele yake, macho yakavimba hapohapo. Akaukunja taratibu, akautia kwenye mfuko wa plastiki, akaufunga fundo.

Akasema, "Dada, wewe hujajikinga na ubwiri. Umejifunga nao usoni."

Kikulacho ki nguoni mwako, nimeusikia msemo huu tangu utoto, sikujua utanipata kwa mtandio wa dukani.

Alinieleza kwamba hiyo ni aleji, ule mzio. Unga ule mweupe si vumbi. Ni kuvu, kitu hai kinachokaa juu ya jani, na mbegu zake ni ndogo mno, zinapeperuka jua likishakuwa kali na upepo ukipita. Watu wengi huzivuta wasidhurike. Mwili wa mwingine unazikataa kwa vita, na vita hiyo ndiyo mafua, na ndiyo huo mluzi kifuani. Nikashusha pumzi nilipojua kina jina. Kisha akaniuliza kama nyumbani kuna mwingine anayebanwa hivi.

Nikasema, "Baba yangu. Akiingia shambani kwenye mikorosho."

"Wakati wa maua?"

Nikamjibu ndiyo, Baba. Kila mwaka ni wakati wa maua, wakati majani machanga na maua yanapakwa ule unga. Mvua zikinyesha hapo kati, shamba likiwa bichi, unalima humo siku nzima hukohoi. Daktari alisema ubwiri wa mikorosho si uleule wa zabibu, lakini ni jamii moja. Akaongeza kwamba hawezi kumpima mtu kwa kumsikia kwa mwanawe, kwa hiyo uende wewe mwenyewe hospitali. Hayo nayaandika kama alivyosema, nisije nikajifanya daktari.

Lakini hebu tukumbuke pamoja. Ulianza kubanwa juma lile mlilogombana na Baba mdogo kwa ajili ya mti wa mpakani. Yule mganga akasema ni mtu wa damu yako, akakukataza kukanyaga shambani siku arobaini. Ukakaa nyumbani, ukapona. Sote tukasema mganga kaona. Angekosaje kuona? Alikutoa kwenye unga! Siku arobaini zilipoisha ukarudi, ubwiri bado uko, ukabanwa tena. Na mashine ya kupulizia salfa ilikuwa ya Baba mdogo. Mlipoacha kusemezana, hukwenda tena kuiazima, mikorosho yetu ikakaa bila salfa, ikawa myeupe kuliko ya jirani wote, na wewe ukazidi kuumwa. Kadiri ulivyoumwa ukazidi kuamini. Nililiona hili nikiwa nimekaa kwenye kiti cha hospitali, nikacheka na kulia pamoja, mpaka yule daktari akanipa maji.

Sasa sikiliza mimi ninavyoishi, maana kazi sijaiacha na wala sijafukuzwa. Mama Ndahani alikuja mwenyewe kuonana na daktari, akauliza maswali kuliko mimi. Siku hizi salfa tunaipuliza mapema, kabla weupe haujaonekana, na matawi tunayapunguza upepo upite katikati. Majani yaliyougua wanang'oa wenzangu asubuhi na mapema, umande ukiwa bado juu, wanayatia guniani polepole bila kuyapigapiga. Mimi nakaa upande upepo unakotokea, na barakoa sivui hata nikiwa napita tu. Nguo za shamba zinabaki bandani. Nikifika nyumbani naoga na kuosha nywele kwanza, ndipo nikaribie kitanda. Na nina dawa ya kuvuta kwa mdomo, asubuhi na jioni, hata nikijiona mzima. Hiyo nasisitiza kwa sababu nawajua watu wa nyumba yetu. Niliona nafuu, nikaiacha kwa ubishi, nikarudi hospitali nimeshikwa mabega na watu wawili.

Na tangu hapo, Baba, napanda kilima cha hapa nyuma na ndoo kichwani bila kusimama. Nacheka mpaka mwisho wa kicheko. Juzi nilipewa wageni sita niwafundishe kupogoa, na mzee Chilongani alikaa pembeni akisikiliza, kisha akanimiminia chai kwenye kikombe chake mwenyewe. Aliniambia, "Mwanangu, nilikuogopa bure." Nikainywa chai yote.

Kwa hiyo usiuze. Mwenyekiti akirudi, mwambie umepata barua kutoka Dodoma na unataka kufikiri. Nunua daftari, andika siku ulizoingia shambani na siku ulizokaa nyumbani, mikorosho ikiwa na weupe na ikiwa haina. Nenda nalo hospitali ya wilaya, waambie na la kifua kikuu wakupime, tusibahatishe. Maua yakianza, usilale kwenye kibanda cha shambani, na salfa wapulize wengine. Mama, usimkubalie ajifunge kanga yako puani akakuambia inatosha. Hata wakikuta ni kitu kingine, Baba, kitakuwa kitu chenye dawa, na shamba la Babu litakuwa bado letu.

Nisalimie Shangazi Zainabu, mwambie zabibu kavu nitamletea, asiniulize kila Ijumaa. Msalimie dada yangu Hadija na mumewe, na mwalimu wa madrasa aliyenifundisha mwandiko huu unaousifu. Majirani wote wasalimie, wakiuliza barua ina nini waambie ina salamu.

Jambo la mwisho. Ndani ya bahasha hii kuna bahasha nyingine ndogo, nimeifunga kwa gundi. Ni ya Baba mdogo Issa. Ningeweza kuituma kwa njia yake, lakini nataka aipokee kutoka mkononi mwako. Humo nimemwomba radhi kwa siku ya msiba wa Bibi, aliponinyooshea mkono nami nikaurudisha wangu mbele ya watu, kwa sababu niliamini anakuua. Ya kwako sikuyaandika, Baba. Hayo utamwambia mwenyewe.

Ni mimi binti yako mkubwa, ninayepumua,

Somoe