Kaburi la Shemeji

Jumatano, Litembo. Baridi kali, ukungu haukutoka mpaka saa tano. Leo tumemzika shemeji yangu Osmundi. Sina hamu ya kuandika, lakini nikinyamaza nitajidanganya.

Miaka yote ya benki nilisifiwa kwa jambo moja: hakuna ndugu yangu aliyewahi kuruka foleni kwa sababu yangu. Nilipostaafu na kurudi nyumbani, jumuiya yetu ndogo ya kanisani ilinipa uenyekiti. Nikaleta daftari la mahudhurio. Nikapendekeza kwamba kaya itakayokosa sala mara nne mfululizo, ikifiwa, jumuiya haitaichimbia kaburi. Watu walipiga makofi. Walikuwa wamechoshwa na wale wanaotukumbuka kwenye misiba tu.

Mdogo wangu Gaudensia alikosa mara saba. Nilijua yuko wapi. Alikuwa wodini akimuuguza mumewe, na uji wa mgonjwa kila Jumapili nilipeleka mimi mwenyewe.

Asubuhi wanaume walikuja msibani na majembe, wakasimama wananitazama. Neno moja tu lingetosha.

Nikafungua daftari.

"Utaratibu ni ule ule," nikasema. Wakaweka majembe chini. Mzee mmoja akaninong'oneza, "Mwenyekiti, huyu si dada yako?" Nikamjibu kwa sauti, wote wasikie, kwamba ndiyo maana.

Gaudensia alivua viatu, akaokota jembe, akaenda nyuma ya mibuni na binti zake wawili. Huku kwetu mwanamke hachimbi kaburi. Walichimba mpaka saa tisa, sisi tumekaa kwenye mabenchi. Hata hivyo kaburi lilikuwa fupi. Jeneza lilikwama, likapandishwa tena mbele ya watu, mama na binti zake wakarudi kuchimba upande wa kichwani.

Niseme ukweli wote. Wakati ule ule nilisikia mtu nyuma yangu akisema mwenyekiti huyu hana upendeleo, na nilifurahi. Nilifurahi huku shemeji yangu amelazwa juu ya udongo akisubiri.

Watu walipotawanyika, Gaudensia alinijia. Viganja vyake vilikuwa vimechubuka, vinatoa maji. Akaniamkia kama siku zote.

"Shikamoo, kaka." Kisha akaonyesha daftari kwa kidole. "Leo nimehudhuria. Andika."

Nikatafuta kalamu mfukoni.

Nikaandika.