Prufu za Mama Odeta

Dar es Salaam,
26 Februari 2024

Baba, shikamoo.

Natumaini goti limetulia na umeacha kupanda ngazi peke yako. Mimi ni mzima, ila kazi za matbaa ya chuo zimenibana, kama kila mwaka tunapokaribia kutangaza vitabu vipya vya msimu.

Kifurushi hiki kina prufu za kitabu cha mwisho katika orodha yetu ya Julai, *Wanawake wa Vichanjani*. Kurasa zimekwisha kupangwa. Zinangoja jicho lako tu kabla ya kuchapwa. Mwandishi ni Mama Odeta Okomo wa Shirati, na anaeleza maisha ya wanawake wanaoanika dagaa juu ya vichanja vya miti. Ana miaka sabini na mbili, na hiki ni kitabu chake cha kwanza. Amekwisha kualika kijiji kizima kwenye uzinduzi.

Nazihitaji kabla ya tarehe 31 Machi. Zikichelewa, kitabu kitaondolewa kwenye orodha. Nakukumbusha kwa mazoea tu, maana miaka sita unatusomea na hujachelewa hata siku moja.

Niliahidi kuja Krismasi nikashindwa. Orodha ikishatoka, nitaona.

Mwanao,
Rebeka

Butimba, Mwanza,
29 Machi 2024

Mwanangu Rebeka,

Marahaba. Goti ni lile lile. Ngazi napanda, kwa kuwa bati halijikagui.

Kifurushi nilikichukua stendi ya Nyegezi. Karani wa basi alinidai kitambulisho, ingawa nilimfundisha miaka miwili na ananijua vizuri kuliko anavyolijua jina lake.

Kuhusu prufu: kazi haijakamilika. Yapo masahihisho ambayo hayaelezeki kwa barua, wala kwa simu. Inafaa mtu mwenye madaraka aje, akae nami mezani siku mbili, tuyapitie ukurasa kwa ukurasa. Asije dereva. Asije mtu wa kubeba bahasha. Aje anayekifahamu kitabu.

Sisemi kwamba lazima uwe wewe. Nasema tu kwamba unakifahamu.

Wadudu wa ziwani wameanza kuja kama moshi, kwa hiyo nimeweka wavu mpya kwenye dirisha la chumba chako. Godoro nimelianika.

Baba yako,
A. M. Ndalahwa

Dar es Salaam,
17 Aprili 2024

Baba, shikamoo.

Natumaini barua hii inakukuta salama. Mimi kwa mwili ni mzima.

Nimekupigia simu mara nne. Unaitikia salamu, unasema simu si mahali pa kujadili kazi, unakata. Nikamtuma mtu wa ofisi ya mabasi aichukue bahasha. Ukamjibu, "Mwambie aliyekutuma ajitume mwenyewe." Amenisimulia huku akicheka. Mimi sikucheka.

Jana kikao kilikiondoa kitabu kwenye orodha ya Julai. Nilimpigia Mama Odeta mimi mwenyewe. Akauliza, "Kwa hiyo niwaambie watu wasije?"

Kuanzia sasa prufu zetu zote zitasomwa na mtu mwingine wa hapa Dar. Nimewaambia wakubwa kwamba macho yako yamechoka, ili wasikufikirie vibaya. Pumzika, Baba. Sitakutumia kazi tena.

Na kuhusu kuja nyumbani, hujawahi kuniuliza kwa nini siji, basi nitasema bila kuulizwa. Siku tulipomzika Mama pale Buhongwa, nilikuwa nasoma wasifu wake. Nilipogeuza karatasi ya pili ukasimama: "Si mwaka sabini na nane, ni sabini na tisa. Anza upya." Watu wote walikuwa wananitazama. Nilikunja karatasi nikakaa. Huenda kweli ulikuwa mwaka sabini na tisa. Mimi ninachojua ni kwamba sikumaliza kumsema mama yangu.

Mwanao,
Rebeka

Butimba,
6 Mei 2024

Rebeka mwanangu,

Safari hii natangulia mimi kusalimu. Hujambo? Unakula vizuri? Unalala?

Macho yangu hayana kasoro. Tafadhali waambie wakubwa wako hivyo. Usiseme uongo kwa ajili yangu. Prufu zilikuwa tayari tarehe 11 Machi. Nilizifunga kwa uzi, nikaziweka juu ya meza ya kulia, na hapo zimekaa hadi Ijumaa nilipozituma. Kila asubuhi nilikuwa nikihesabu: zikiondoka leo, barua nyingine ya Rebeka itakuja na kifurushi cha Agosti. Nikadhani nikizishikilia utakuja kuzichukua. Hakukuwa na sahihisho lolote la kukaliwa mezani. Mama huyo anaandika vizuri.

Jumamosi nilipanda basi hadi Shirati kumwomba radhi. Nilimkuta kichanjani na wenzake, anageuza dagaa, nikajitambulisha.

"Wewe ndiye mwalimu uliyeficha kitabu changu?"

"Ndimi, Mama."

"Kibaya?"

"Kizuri. Nilitaka binti yangu aje kukichukua."

Akawaita wenzake. "Njoni mwone! Mzee mzima, na koti lake, amekamata kitabu changu mateka ili amwone mtoto!" Walicheka hata mmoja akakaa chini mchangani. Kisha akanisogelea, akashusha sauti.

"Ulimwambia njoo?"

"Sikumwambia."

"Sasa ulitaka dagaa ndio wamwambie?"

Akanipa beseni. Nilivua koti, nikaanika nao hadi saa tisa. Hakusema kwamba amenisamehe, nami sikumuuliza.

Kuhusu Buhongwa. Ulikuwa mwaka sabini na tisa. Lakini sikusimama kwa sababu ya mwaka. Nilikuona umegeuza karatasi, nikajua kwamba chini yake kuna tarehe aliyofariki, nikatafuta neno lolote la kukuzuia usifike. Mimi neno langu la kwanza huwa ni kosa la mwenzangu. Mama yako alikuwa akiniambia hivyo, na wewe ulikuwa ukisikia. Nimekukosea, mwanangu.

Nataka kukuona. Njoo.

Baba yako,
A. M. Ndalahwa

Butimba,
21 Novemba 2024

Rebeka mwanangu,

Hujambo? Mimi sijambo, na mvua za vuli zimeanza vizuri.

Leo posta wamenipa bahasha ya matbaa. Ndani mlikuwa na orodha ya vitabu vipya vya Desemba, basi. Niliikung'uta, nikachungulia ndani, nikamrudishia karani aangalie na yeye. Hapakuwa na barua. Tangu nikuandikie Mei sijapata barua yako, na simu zetu zimekuwa za salamu.

Nimeisoma orodha hapo hapo, nimesimama dirishani. Cha tatu ni *Wanawake wa Vichanjani*. Nimempigia Mama Odeta. Anasema anaalika upya, na safari hii hata mimi nimealikwa, kwa sharti kwamba nisishike kitabu.

Kisha nikaigeuza bahasha. Miaka yote anwani yangu huchapwa na mashine: Mwl. A. M. Ndalahwa. Hii imeandikwa kwa kalamu, kwa mwandiko wako: Baba, kisha namba ya sanduku. Karani aliniuliza, "Mwalimu, Baba ni nani hapa?" Nikamwambia ni mimi.

Sitakuuliza unakuja lini. Ila fahamu kwamba kitasa cha mlango wa mbele nilikibadilisha mwaka jana, na ufunguo ulio nao haufungui. Ufunguo mpya nimemwachia Mama Malimi, nyumba ya kushoto. Nimemwambia akupe saa yoyote, hata kama mimi sipo.

Baba