Bastola ya Kaka Ngasa

Jumatatu, 5 Juni

Kituoni tena leo. Benchi lile lile, mguu mmoja mbovu. Nimefika kabla afande wa silaha hajafungua mlango. Nimemwamkia mwangaluka ya Kisukuma, kanijibu kwa Kiswahili. Kamati ya usalama ya wilaya haijakaa. Nikamuuliza kwani hawana viti? Nina vigoda nyumbani, nitawaletea. Akacheka. Kibali hakuna.

Bastola iko humo humo ndani, kwenye kabati la chuma. Ya marehemu kaka yangu Ngasa. Alikuwa mfanyabiashara wa ng'ombe, alikuwa nayo kihalali. Amekufa wakati wa masika, polisi wakaja kuichukua hata matanga hayajaisha. Sheria. Ukoo umekaa, kijiji kimekaa, kata imekaa, wote wamesema nirithi mimi Jilala. Imebaki kamati.

Sema kweli, Jilala. Ng'ombe zako nani ataiba, zimekonda vile? Naitaka nitembee nayo mnadani, koti limevimba upande mmoja. Basi.

Jumamosi, 10 Juni

Leo kilabuni nimewaua watu kwa kicheko. Nimesimulia shemeji yangu Minza, mjane wa Ngasa, anavyokwenda Nyashimo kule ziwani kununua dagaa kwa fisi. Anaacha ugali jikoni, anapanda fisi, anarudi haujaungua. Nikaigiza fisi anavyochechemea. Nikaigiza Minza kashika masikio. Maduhu, jirani yetu, alijimwagia pombe yote kifuani. Kuanzia hapa mpaka ziwani hakuna anayesimulia kama mimi. Hayupo.

Minza alikuwa anapita na ndoo ya maji. Akasikia. Akasimama.

"Fisi angekubeba wewe Jilala, angekutupa njiani. Una maneno mazito kuliko gunia la pamba."

Watu wakaanguka tena. Shemeji huyo. Mke wa kaka, kutaniana naye ni haki yangu. Tumeanza siku ya harusi yao, hatujapumzika.

Jumatano, 21 Juni

Mjukuu wa Maduhu amekufa. Homa, halafu degedege. Mtoto alikuwa ndiyo ameanza kutembea. Tumezika mchana.

Minza alipeleka matobolwa, viazi vyetu vikavu, kwa wafiwa. Sahani ilibaki imejaa. Alipokaa mkekani wanawake wakasogea. Nilidhani wanampa nafasi.

Jumapili, 25 Juni

Maduhu alikwenda kwa mganga, upande wa Kimali huko. Amerudi. Nimemwamkia mwadila. Kapita kama nimekuwa mti.

Kisimani mama mmoja kaniuliza, "Namhala, mzee wetu, yule fisi wa shemeji yako, huwa anamfunga wapi?"

Nikataka kumjibu kwa kichekesho. Nikamwangalia usoni. Hakuwa anacheka.

Minza ana macho mekundu. Ya moshi. Kuni kwetu zimekwisha, tunapikia kinyesi cha ng'ombe. Marehemu mke wangu alikuwa nayo vile vile, hakuna aliyemtazama. Mwaka jana kijiji cha pili walimkata mapanga bibi mmoja kwa macho hayo hayo, eti mchawi. Waliomkata walikuwa wanamwita mayu, mama, kila asubuhi.

Naogopa. Nimeandika neno hilo na sitalifuta.

Alhamisi, 29 Juni

Nimekwenda kituoni na baiskeli bila kula. Nimemwambia afande yote. Akanisikiliza, siwezi kumsingizia. Akaniuliza nani ametishia. Hakuna. Nani amesema neno. Hakuna. Watu wamenyamaza tu, afande. Akasema kunyamaza siyo kosa.

Nikamwomba bastola. Kamati imekaa, kumbe, lakini faili limekwenda mkoani Shinyanga, lirudi ndipo. Tukaandika upya sababu ya kumiliki, karatasi ilifuate faili.

"Mzee wangu, nikikupa leo bila kibali, kesho tunafungwa wote wawili. Huyo shemeji atalindwa na nani?"

Nikalitazama kabati. Hatua chache tu kutoka pale nilipokaa.

Jumapili, 2 Julai

Kilabuni. Nimesimama nikasema ile habari ya fisi niliitunga mwenyewe. Uongo mtupu. Nikasema Minza fisi anamwogopa kama mtu mwingine yeyote. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyebisha. Wengine walitazama vibuyu vyao.

Maduhu akaweka chini chombo chake.

"Jilala, miaka yote unatudanganya na hujawahi kukana hata moja. Simba uliyempiga teke hukumkana. Mamba uliyemfunga mkia hukumkana. Hii moja unaikana kwa nini?"

Nimerudi nyumbani. Nimekaa.

Alhamisi, 6 Julai

Nimemwambia Minza ahamie kwa binti yake kule Lagangabilili mpaka mambo yapoe. Amekataa. Pamba iko shambani, anasema, na wanunuzi wa kampuni mpya wameshaanza kuzunguka na magari yao, kila mmoja na mzani wake. Halafu akasema lile lenyewe.

"Nikikimbia nimekubali. Nakufa hapa, au naishi hapa."

Kisha akaniuliza kama fisi wake nimemlisha. Nikashindwa kucheka. Akaniambia nimezeeka.

Siku hizi nalala kwake, kwenye kibanda cha mbele, na panga. Mgongo unauma. Mwizi akija atanikuta natafuta fimbo ya kuinukia.

Jumatatu, 10 Julai

Nimepata akili. Nimetia gunzi la muhindi kwenye mfuko wa koti, nimelifunga kitambaa cheusi, nimepita sokoni. Koti limevimba. Nimewaambia kibali kimetoka. Walinipisha njia. Maduhu kaniamkia mwenyewe.

Ile heshima niliyokuwa naitaka nimeipata. Ina ladha ya majivu.

Jumatatu, 17 Julai

Mwenyekiti wa kijiji kanikuta mnadani mbele ya watu. Kapaza sauti, mtu mwema, hakujua. Eti Jilala, umeitwa Shinyanga ukaweke alama za vidole, ukimaliza ndipo watakupa bastola yako.

Watu wote wakatazama koti langu.

Niliona aibu. Aibu ikanifanya nifanye nilichozoea. Nikapandisha sauti. Nikasema kesho naondoka, Alhamisi narudi nayo, na risasi zake zimejaa, na mwenye kumsogelea Minza ajichagulie sehemu ya kuzikwa. Nilisema vizuri sana. Niliona wengine wanatazama chini. Nikajua wameogopa.

Minza nimemwachia gunzi. Nimemwambia, bastola hiyo, usiipike. Amecheka mpaka kakohoa. Kalifunga kwenye pindo la kanga. Nimewaomba sungusungu wapite kwake. Wamesema watapita.

Jumanne, 18 Julai

Shinyanga. Basi lilipata pancha njiani. Wamenipaka wino vidole vyote. Wa kusaini katoka, yuko kesho. Nimelala kwa mtu wa ukoo. Nimemnunulia Minza ugoro mzuri, ule mkali. Atapiga chafya mpaka fisi akimbie.

Alhamisi, 20 Julai

Minza ameuawa. Jumanne ile ile. Mapanga.

Wamemkuta karibu na ghala. Gunzi lilikuwa bado kwenye pindo la kanga.

Jumamosi, 22 Julai

Tumemzika jana pembeni ya Ngasa. Binti yake alikuja. Hakunisalimia na ni sawa.

Maduhu alichimba kaburi na wengine. Alichimba vizuri, kingo zimenyooka.

Sungusungu wanasema walipita, kulikuwa shwari. Polisi wamekuja. Hakuna aliyeona, hakuna aliyesikia, kijiji kizima kililala kama kimekufa. Nimemtaja Maduhu. Wakaniuliza ushahidi. Nikaanza kueleza tangu kilabuni, tangu fisi. Kijana anayeandika akaacha kuandika, anatabasamu, anangoja mwisho wa kichekesho.

Nikanyamaza.

Mwenye kutaka kumuua alikuwa anangoja siku. Siku nilimpa mimi, mnadani, kwa sauti. Nilimwambia Alhamisi narudi. Kama ningenyamaza, labda wangeniogopa pale kibandani mwezi mzima. Labda mwaka. Hilo ndilo nalala nalo.

Jumatano, 30 Agosti

Kibali kimetoka. Afande alituma mtu kunifuata.

Kalifungua kabati, kaiweka mezani juu ya gazeti. Ndogo. Nilikuwa nawaambia watu inajaza mikono miwili. Bado ina kikaratasi chenye jina la Ngasa. Kabandua, kabandika changu. Akasoma kibali kwa sauti kwa sababu anajua macho yangu hayaoni herufi ndogo. Jina, kijiji, aina ya silaha. Sababu ya kumiliki: kumlinda mjane wa marehemu. Tuliandika hivyo mwezi wa sita, mimi na yeye.

Alipofika hapo akashusha sauti. Akaendelea.

Nimemwambia akae nayo. Akasema haiwezekani hivyo tu, sasa ni mali yangu, kuirudisha serikalini kuna utaratibu wake. Niandikishe upya. Kamati ikae.

Nikasema nitasubiri. Sikuuliza habari ya viti.

Jioni nimekwenda shambani kwa Minza. Pamba yake nyingine imedondoka chini, imeshika vumbi. Nimeanza kuichuma kwenye mstari wa pembeni. Jirani mmoja akapita, akasimama mpakani. Akaniamkia. Nikaitikia. Akabaki amesimama, anatabasamu kidogo, anangoja niseme kitu.

Nikainama kwenye pamba. Baadaye nilipoinua kichwa alikuwa ameshakwenda.