Umeamshwa kwa Lugha Gani? Kumkumbuka Mwalimu Fan-Chiang Jui-ying

Ni mwaka mmoja sasa, Mama, tangu sauti yako ikome humu ndani. Chupa za mboga ya haradali ulizozishindilia kwa chumvi bado zimepangwa chini ya ngazi, zimepinduliwa kama ulivyoziacha. Tumefungua mbili tu. Baba hataki tuzimalize. Tukimwambia mboga ikikaa mno itaharibika, anasema, "Ya kwake haiharibiki."

Baba na mume wangu Te-liang wamesema niandike mimi. Niliwaambia mimi ni mkwe tu, tena nimetoka mbali, na shule yangu iliishia sekondari. Baba akasema, "Wewe ndiye uliyekaa naye jikoni." Kwa hiyo nakuandikia, Mama, na majirani wanaosoma watusamehe tukisema ya nyumbani.

Ulifundisha darasa la kwanza hadi ulipostaafu, katika shule ile ile ndogo ya juu ya mto. Watu wazima wa hapa Hsinpu, hata wenye mvi, wakikuona sokoni waliacha kutafuna. Wengi wao uliwakata kucha kwa mkono wako. Baada ya chakula cha mchana, watoto walipolaza vichwa juu ya madawati wapate usingizi, nawe ulilaza chako, ukakoroma, na hakuna aliyethubutu kucheka kwa sauti.

Lakini wote wanakumbuka mlango. Kila asubuhi ulisimama pale, helmeti ya pikipiki bado imekuachia alama kwenye paji la uso, na hakuna mtoto aliyepita bila kujibu swali lako: "Umeamshwa kwa lugha gani leo?" Alitakiwa kukusalimu kwa lugha hiyo, na darasa zima lilimjibu kwa lugha hiyo hiyo, hata kwa kubahatisha. Wengi walisema Kihakka, lugha ya wazee wa hapa, wengine Kimandarini, lugha ya shule na ya serikali. Binti mmoja bibi yake alikuwa Mtayal wa milimani, na kwa ajili yake wote walijifunza salamu ya Kitayal. Mwana wa fundi pikipiki akakujibu siku moja, "Mimi huamshwa na saa, Mwalimu."

"Na saa yenu husemaje?" ukamuuliza.

Akalia kama saa. Darasa zima likamlilia vivyo hivyo, mpaka mwalimu mkuu akatoka ofisini mbio.

Sababu ya swali lile ulitueleza mara moja tu. Ulipokuwa mtoto, shuleni kwenu aliyeponyokwa na neno la Kihakka alivishwa kibao shingoni, akakaa nacho mpaka amnase mwenzake. Ulikivaa tangu asubuhi. Kabla ya kengele ya kwenda nyumbani ukamfinya rafiki yako, akapiga yowe kwa Kihakka, nawe ukamvisha. "Alikuwa rafiki yangu," ulisema, ukaendelea kumenya vitunguu saumu.

Kwa moyo huo, Mama, mtu angedhani nyumba yetu ilikuwa na lugha zote. Haikuwa hivyo, na wewe mwenyewe hukupenda tulifiche.

Binti yangu Pei-ning alipozaliwa, shangazi walikuja na kuku wa tangawizi, wakakaa kuzunguka kitanda changu wakishauriana kana kwamba sipo. "Mtoto akilishwa lugha mbili hukawia kusema," alisema mmoja. "Humu zitakuwa tatu! Mtalea bubu nyie." Walipoondoka ulinijia, ukaniambia kwa upole, "Lanh, mwanangu, na mtoto ongea Kimandarini tu. Kihakka atakipata kwangu. Ni kwa faida yake." Uliyaamini hayo, kama kijiji kizima kilivyoyaamini.

Kimandarini changu wakati ule kilikuwa cha kununulia mboga. Nilimbembeleza mtoto kwa kuvuma, mdomo umefungwa. Alipoanza kuongea, aliongea na wewe na baba yake. Kwangu alikuja akiwa na njaa, au akitaka kufungwa viatu. Mama yangu alipopiga simu ya video kutoka Dong Thap, kwetu Vietnam, Pei-ning alimpungia mkono tu, kama mtu anayepungia gari moshi linalopita. Niliogopa jambo moja, Mama, na sikumwambia mtu: kwamba binti yangu atakua, ataolewa, na hatutakuwa tumewahi kuzungumza.

Kisha akafika darasani kwako. Wewe ulitangulia kwa pikipiki, mimi nilimleta kwa miguu. Asubuhi moja nilikuwa nimesimama nyuma yake na mfuko wa viatu vyake vya ndani, ukamuuliza kama ulivyowauliza wote.

"Umeamshwa kwa lugha gani leo?"

"Hakuna."

"Hakuna vipi? Aliyekuamsha nani?"

"Mama."

"Alisemaje?"

"Hasemi. Hunishika mguu tu."

Mwana wa fundi pikipiki akanyoosha shingo kutoka dawatini. "Kwani mama yake hana lugha, Mwalimu?"

"Hana," akasema Pei-ning. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtoto anayesema kwao hawana mbwa.

Darasa lilikuwa bado linasubiri salamu ya kuitikia. Uliniangalia. Mimi niliangalia mfuko wa viatu.

Jioni ile uliweka paja la kuku kwenye bakuli langu. Katika nyumba hii paja ni la Baba. Baba akaliangalia paja, akakuangalia wewe, kisha akachukua shingo. Tulipokuwa tukiosha vyombo ukaniuliza, "Kwenu mtoto huamshwa kwa maneno gani?" Nikakwambia. Ukayarudia, vibaya mno, mpaka nikageuka upande nisicheke. Ukayarudia tena. Kisha ukafunga bomba, ukasema, "Kibao kile. Wewe nimekuvisha mimi."

Sijawahi kusikia mkwe yeyote wa hapa akiambiwa neno kama lile na mama mkwe wake. Nilikausha sahani ile ile mara nyingi.

Haikuwa rahisi baada ya hapo. Nilipomwamsha Pei-ning kwa Kivietinamu alivuta blanketi kichwani. "Mwambie Mama aongee kama watu!" alimlilia baba yake. Nikakuomba tuache. Nilisema, "Mtoto ameshachelewa, Mama."

"Wa miaka sita ndiye aliyechelewa? Na mimi bibi yake je?"

Ukajifanya mwanafunzi, na Mungu anajua hukuhitaji kujifanya. Ulikuwa mwanafunzi mbaya. Kila jioni ulijaribu kuomba wali, kuomba chumvi, kuuliza mvua itanyesha lini, na mimi nilikusahihisha mpaka nikachoka. Pei-ning alikaa pembeni akichora, anajifanya hasikii. Siku moja penseli ikamtoka mkononi.

"Bibi, sio hivyo! Sauti inapanda halafu inashuka! Huna masikio?"

"Ninayo, lakini ni ya zamani. Nionyeshe wewe."

Akakuonyesha. Akakuonyesha kila jioni tangu hapo, kwa ukali, akikugonga vidole kwa penseli kama vile wewe hukuwahi kumgonga mtoto wa mtu.

Shuleni nako ukaingia ofisini kwa mwalimu mkuu. Lugha za nyumbani zilikuwa zimeshaingia kwenye ratiba, kipindi kimoja kwa wiki, lakini cha Kivietinamu hakikuwa na mwalimu wala wanafunzi. Mwalimu mkuu alisema, "Dada Fan-Chiang, wa kujifunza ni mmoja, naye ni mjukuu wako." Ukamjibu, "Mmoja anatosha. Hata Kimandarini tulianza na mmoja mmoja." Ukanipeleka kwenye mafunzo ya walimu mjini, ukanisubiri nje kwenye pikipiki, ukila mbegu za alizeti. Nilitaka turudi nyumbani. Ulisema, "Umelea mtoto. Kusimama mbele ya ubao ni kazi ndogo zaidi."

Na kijiji? Kijiji kilisema. Gari la taka lilipokuja jioni na muziki wake, na sote tumesimama barabarani na mifuko yetu, Mama Teng, jirani yetu, aliyekuwa na mkwe kutoka Vietnam kama mimi, alikuanza.

"Wee Jui-ying! Nasikia sasa mnafundisha Kivietinamu. Si mngewafundisha tu njia ya uwanja wa ndege!"

"Kwani vipi?"

"Kwani vipi! Yule mkwe wa akina Liu aliondoka na mtoto, alirudi? Mtoto akishajua lugha ya huko, umempoteza. Mjukuu wangu haji hapo, nakwambia."

"Mama Teng, mkwe wako akitaka kutoroka atapanda basi. Basi la hapa halina mtihani wa lugha."

Watu walicheka mpaka wakajisahau. Nawe ulicheka, na gari likaondoka na mfuko wetu ungali mkononi mwako. Tulilala na taka zetu ndani. Mwaka uliofuata Mama Teng alimleta mjukuu wake mwenyewe hadi mlangoni pa darasa langu. Alisema amekuja kuangalia tu kama viti vinatosha.

Hayo yote uliyaona, Mama. Kuna moja hukujaliwa kuliona. Pei-ning alielewa kila nililosema, alisoma, hata aliimba shuleni mbele ya wazazi. Lakini tulipokuwa wawili nilimwambia kwa Kivietinamu, yeye akanijibu kwa Kimandarini. Mwaka baada ya mwaka. Kivietinamu kilikuwa cha kipindi na cha kumcheka bibi yake. Ulipolazwa, ini limekwisha kukushinda, nilikaa kando ya kitanda nikakwambia nadhani tumefika mwisho, nimepata mwanafunzi lakini binti sijampata. Ulikuwa na kiu, nikakulowesha midomo kwa pamba. Ukasema, "Usimlazimishe. Wewe sema tu." Kisha ukauliza kama watoto wa darasa la kwanza wamekatwa kucha.

Wiki iliyopita tulifanya ibada ya mwaka wako. Jina lako limeunganishwa na ya wazee kwenye meza ya mababu. Te-liang alichemsha kuku mzima, dada zako walikuja mapema, jiko likajaa. Nikamtolea Pei-ning sketi nyeusi ndefu. Akasema atavaa suruali ya michezo ya shule. Nikamwambia watu watasema nini.

Akanijibu. Akasema wewe hukuwahi kujali suruali ya mtu. Akasema mimi nasikiliza majirani kuliko ninavyomsikiliza yeye, kwamba nimekuwa hivyo tangu ufe, kwamba silii mbele yake wala simwachi alie, kwamba nimeficha kikombe chako cha chai wakati yeye ndiye aliyekitaka. Yalimtoka kama maharagwe yaliyomwagika, hakutafuta hata neno moja, na yote yalikuwa Kivietinamu, tena Kivietinamu cha Dong Thap, cha mama yangu, ambacho shuleni sikukifundisha. Alimaliza kwa kupiga mguu sakafuni.

Kwetu mtoto anayemjibu mama yake hivyo huchapwa kofi. Nilisimama na sketi mkononi. Nami nikamjibu. Nikamwambia kikombe kiko wapi na kwa nini. Tukaendelea, sauti zetu zinapanda.

Baba akaita kutoka penye uvumba, "Kuna nini huko jikoni? Wanagombana siku ya leo?"

Te-liang alikuwa amesimama mlangoni na kuku kwenye sinia. Haelewi Kivietinamu hata kidogo. Akatusikiliza, kisha akamwambia baba yake kwa Kihakka:

"Hapana, Baba. Wanaongea."

Pei-ning alivaa suruali.

Unakumbukwa na mumeo, Chung Tsai-fu. Mwanao, Chung Te-liang. Mkweo, Huynh Thi Lanh. Mjukuu wako, Chung Pei-ning. Dada zako, Jui-mei na Jui-chin. Mama yangu, Le Thi Nhan, anayekuombea huko Dong Thap. Na watoto wote waliowahi kupita mlangoni pako.

Siku zote za maisha yetu tutakukumbuka, Mama.