Kibanda cha Kuzuia Nguruwe Kimeniletea Mke Nisiyemjua

Mpendwa Mama Lynnet, naomba msaada, na ikiwezekana unijibu kabla ya Sabato ijayo, kwa sababu siku hiyo wazee wa kanisa wataniita mbele.

Mimi ni Mkisii, nimekaa huku karibu na Ogwedhi miaka mingi nikilima na kuuza ndizi, nina mke mmoja tu, Bitutu, na hilo neno mmoja naomba ulisome mara mbili. Jirani yangu Clifford aliamua kujenga banda la nguruwe mia mbili mpakani mwa shamba langu, upande ule ule upepo unakotokea, juu ya bonde ambako majirani wanateka maji, na nilipomlilia akaniambia, "Jirani, mahoteli za Migori zinataka pork, na hapo kwako ni migomba tu, hakuna mtu nitasumbua," basi nikaenda kwa afisa anayekagua mambo hayo, akanieleza kwamba banda kubwa namna hiyo haliruhusiwi karibu na nyumba inayokaliwa na watu, ila nyumba yangu iko mbali kidogo, kwa hiyo Clifford hajakosea. Hapo nikajiona mjanja, nikajenga kibanda cha mabati katikati ya migomba, mpakani kabisa, ili hiyo nyumba inayokaliwa iwe pale.

Afisa alisema atakuja kuhakikisha kama kweli inakaliwa, kwa hiyo nikanunua godoro jipya sokoni nikalibeba kwa bodaboda mchana watu wote wakiona, nikatundika pazia la maua, nikawa nawasha moto kila jioni ili moshi uonekane, na mlangoni nikaweka ndara za kike kwa sababu nyumba isiyo na ndara za kike haifanani na nyumba. Afisa akaja, akazitazama ndara, akacheka, akasema, "Mzee, umejipanga," akaandika kwamba panakaa watu, na ujenzi wa banda la Clifford ukasimamishwa. Nilimshukuru Mungu.

Nilichosahau ni kwamba huku kwetu mwanamume hajengi nyumba ya pili bure. Clifford mwenyewe ndiye wa kwanza kuniletea kuku wa pongezi, eti "Nasikia umepata jiko lingine," na haikuchukua muda mke huyo akapata jina, Trizah, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, kutoka kisiwa cha Remba, na kuna watu wanaapa wamemwona akianika nguo. Wanaume sokoni siku hizi wananisalimia kwa mikono miwili, na nakiri Mama Lynnet, mwanzoni nilifurahi kidogo. Akina mama wa Dorkasi, kikundi cha wanawake wa kanisani, hawakufurahi, walikuja wakapiga magoti mbele ya kibanda wakimwombea Trizah atoke, na mimi niko ndani peke yangu nakoroga uji, naogopa kukohoa.

Bitutu nimemweleza ukweli wote, lakini baada ya uvumi kumfikia. Akaniuliza, "Baba Masese, hao nguruwe wako wapi?" Nikamwambia hawajafika. Akasema, "Na ndara ni za nani?" Nguo zangu amezitia kwenye gunia akalitupa kule kibandani, na amesema Jumapili anarudi kwao Nyamira. Sasa nikisema ukweli kanisani, Clifford atausikia kabla ya wimbo wa kufunga, afisa atakifuta kibanda changu na nguruwe wataletwa puani mwangu, na nikinyamaza kanisa litanitenga na Bitutu ataenda. Nampenda. Nifanye nini?

Mume wa mke mmoja, Ogwedhi

*

Baba Masese, pole. Nimecheka mpaka chai ikanimwagikia, halafu nikamfikiria Bitutu nikaacha.

Hukukosea kuliogopa banda hilo. Nguruwe mia mbili si mchezo, uchafu wao lazima uelekee mahali, na nzi wao hawajui mpaka wa shamba. Ndiyo maana kuna kanuni za wapi na kwa ukubwa gani. Lakini mwenye haki anahitaji ndara za kike za nini? Ulikuwa na upepo, ulikuwa na majirani wanaoteka maji huko bondeni, ukaviacha vyote ukaenda kununua pazia la maua. Njia ya mwongo ni fupi, yako imeishia kwenye migomba.

Na ile furaha ya mwanzoni nimeiona, usidhani nimeiruka. Bitutu pia aliiona. Mwanamke anamjua mumewe, na wewe ulikuwa ukitembea sokoni kama bwana harusi. Ulitaka aamini nini?

Sasa amka. Leo, si Sabato, zichukue hizo ndara umpe mkeo azigeuze aone soli ambazo hazijakanyaga udongo. Mwombe msamaha kwa kumficha, na usiongeze "lakini." Kisha nendeni wote wawili kwa afisa, umwambie mwenyewe kwamba kibanda ni cha uongo, na umwombe aite majirani wote, wa juu na wa bondeni, waseme. Ombeni nguruwe wapungue, shimo la uchafu lichimbwe, na banda lihamie upande wa nyumba ya Clifford, maana mwenye kula faida ndiye atangulie kunusa. Usimsomee afisa Mambo ya Walawi kwamba nguruwe ni najisi. Msomee upepo na maji. Kanisani simama kabla hujaitwa. Na kuku wa Clifford mrudishe, kama hujamla.

Huenda afisa akakukasirikia, na huenda banda likajengwa hata hivyo. Mtavumilia harufu mkiwa wawili, kuna walioishi na mabaya zaidi. Lakini jiangalie, Baba Masese: unapigania hewa ya chumba ambacho nguo zako zimeshatupwa nje zikiwa guniani. Nguruwe wa Clifford hawajazaliwa, na tayari wamekutoa kitandani.