Mke Wangu Ameolewa Jukwaani

Mwende wangu, mpenzi wa roho yangu,

Pokea salamu za mikono miwili kutoka huku Doha. Mimi ni mzima, isipokuwa joto na kukukosa. Wewe je? Na mama yetu, mwaitu, goti limepoa? Mvua imefika hapo Kabati au bado mnatazama mawingu tu? Nimeshika kalamu kwa sababu kwa simu wenzangu watano wa chumbani husikia kila neno, na haya si ya kusikiwa.

Ile picha ya gazeti uliyonitumia niliisomea kazini, juu ya jengo, saa ya chai. Mwandishi anakusifu, mke wangu! Anasema tangu ulipoingia jukwaani pale mjini Wote, ukumbi ulikuwa wako. Nilifurahi hata nikamwonyesha msimamizi wetu, ambaye hajui Kiswahili. Kisha nikafika pale anaposema kwamba Muli, anayeigiza kama mumeo, alipokushika mkono, hakuna aliyeamini kuwa nyinyi si mume na mke. Chai ikanishinda.

Jioni tukipika ugali, Muthiani, yule mwenzangu wa chumbani wa kutoka Mbooni, akaniuliza, "Kioko, kwa huo mchezo walileta mbuzi wa ntheo?"

"Walileta. Tena mbuzi wa kweli."

"Wazee wakawapokea?"

"Wazee wa kuigiza, bwana!"

"Hata! Mbuzi wa ntheo akishapokewa, kwetu Wakamba bibi ameolewa. Umepokonywa, ndugu yangu. Walimchinja?"

Chumba kizima kikacheka. Nami nikacheka, lakini ugali wangu nikampa Muthiani. Mwende, walimchinja? Mimi niliyepeleka ntheo kwenu nimekaa nawe siku kumi na tisa tu, tamu kuliko maisha yangu yote. Muli ni mumeo kila Jumamosi!

Sasa unaniuliza kama uende Nairobi na kikundi chenu cha maigizo kwa miezi miwili. Niliandika hapana. Karatasi ya kwanza ilikuwa na hapana nne, nikaichana. Leo nimefungua tena ile picha nikasoma mwisho wake, ambao wivu ulinizuia kuufikia. Anasema kilichomtoa machozi si kushikana mikono. Ni pale mchezoni mume yuko mbali, nawe umekaa mlangoni ukichambua maharagwe, ukiinua kichwa kila mtu anapopita njiani. Anasema kungoja kwa namna hiyo hakufundishwi.

Nenda Nairobi, mpenzi. Muli aushike huo mkono, ila auachilie upesi.

Nisalimie mwaitu, na nyanya yetu susu anayewaambia majirani kuwa niko Mombasa, na kaka yako mkubwa anayetutunzia ng'ombe.

Wivu uliobaki ni mmoja: ukumbi mzima umekuona ukiningoja, na mimi peke yangu sijaona.

Mumeo wa kweli,
Kioko